Bisibisi Inapocheza Kwenye Skrubu ya Mgongo: Kusaka Chanzo cha Hitilafu za Vifaa vya Kuwekea Vyuma vya Uti wa Mgongo

Bisibisi ya kwanza niliyoletewa ikiwa imeharibika ilikuja ndani ya bahasha ya kaki, kingo za ncha yake ya nyota zimelala zote upande mmoja. Juu ya bahasha nesi wa thieta alikuwa ameandika: "Chuma laini." Niliamini. Tukatengeneza nyingine kwa chuma kigumu zaidi, nayo ikarudi baada ya wiki chache, safari hii imekatika. Hapo ndipo nilipoomba kuletewa skrubu zenyewe. Vichwa vyake vilikuwa vya T27, yaani ukubwa wa tundu la nyota. Sampuli niliyopewa niiige tangu mwanzo ilikuwa T25, mali ya wakala mwingine, iliyochanganyikia kwenye sinki la kuoshea. Chuma hakikuwa na kosa lolote, na mgonjwa wa mara ya pili alikaa kwenye dawa ya usingizi muda mrefu kuliko ilivyostahili kwa sababu kuna swali moja sikuuliza.

Tangu siku ile, kabla ya kugusa mchoro nakifuata kifaa kurudi nyuma: kutoka mkononi mwa daktari hadi kwenye trei, kutoka trei hadi otoklevu (mashine ya mvuke ya kuua vijidudu), kutoka otoklevu hadi sinki. Dalili huonekana kwenye ncha. Chanzo mara nyingi kiko hatua mbili tatu nyuma. Mwongozo huu nimewaandikia wahandisi wa vifaa tiba, mafundi wa kukereza na mafundi wa hospitali wanaobuni au kukarabati vifaa vya kuweka skrubu na rodi mgongoni.

Maneno machache kwanza, tuelewane. Pedikeli ni kikonyo cha mfupa kinachounganisha mwili wa pingili na upinde wake wa nyuma. Kila pingili ina vikonyo viwili, na ndimo skrubu hupita tangu Raymond Roy-Camille alipoanza kazi hiyo Paris mwaka 1963. Ukuta wa ndani wa pedikeli ukitoboka, unakutana na ugwe wa mgongo au mishipa ya fahamu. Kichwa cha skrubu nyingi za siku hizi ni kikombe kinachogeukageuka, chenye mfereji wa kulaza rodi, yaani fimbo ya chuma inayounganisha skrubu. Juu ya rodi hufungwa skrubu fupi isiyo na kichwa, nami nitaiita kifungio. Toki ni nguvu ya kusokota, kama wanavyosema gereji.

Bisibisi inacheza, au inakula kichwa cha skrubu

Anza na jambo jepesi: je, bisibisi na skrubu ni za seti moja? Hospitali nyingi za kwetu hazimiliki seti hizi. Wakala huzileta siku moja kabla ya upasuaji na kuzichukua zikishaoshwa. Seti mbili zikikutana kwenye sinki moja, bisibisi hubadilishana makazi. Nyota ya T25 ina upana wa karibu milimita 4.5 toka ncha hadi ncha, ya T27 karibu milimita 5. Glovu zikiwa na damu, hakuna mtu anayeiona tofauti hiyo. T25 itaingia kwenye tundu la T27 bila ubishi na kuizungusha skrubu vizuri tu, mpaka mfupa ukaze. Mbunifu afanye mambo mawili: aandike ukubwa kwenye shafti karibu na mpini, kwa kuwa maandishi ya kwenye ncha huliwa, na mpini aupe rangi ileile ya kasha la skrubu zake.

Kama seti ni moja, pima mwanya. Chukua tundu la pembe sita lenye upana wa milimita 3.55 na bisibisi ya 3.45. Tofauti ni sehemu moja ya kumi ya milimita, lakini bisibisi hiyo itazunguka bure digrii 3 hivi kabla ya kugusa ukuta, na itagusa kwa kona zake tu. Ikiliwa hadi 3.35, mzunguko wa bure unapita digrii 6. Hapo kona hazisukumi tena ukuta, zinaukwangua. Nyota ni afadhali kwa sababu kuta zake husukuma kufuata mzunguko badala ya kulitanua tundu, ila nayo inahitaji vipimo vilivyobana.

Kuyumba ndiko kunakonisumbua zaidi. Ncha imezama milimita 3, mwanya ni 0.1, mpini uko milimita 250 juu. Gawanya kisha zidisha: mpini utayumba milimita 8 hivi. Sasa mfikirie daktari anayelenga pedikeli ya pingili ya tano ya kifua, ambayo kwa watu wengi upana wake ni milimita 4 hadi 6. Anashikilia kifaa ambacho mwelekeo wake hauamini. Ukibana ncha tu, utapata bisibisi isiyoingia ikishachakaa kidogo au ikibaki na tone la damu kavu. Ongeza kwanza kina cha kuzama. Kama tundu haliruhusu, weka mrija wa nje unaojifunga kwenye hesi (nyuzi za skrubu) za kikombe, ili skrubu na bisibisi viwe kitu kimoja.

Mrija huo nao una ugonjwa wake, na ulinichukua muda kuuelewa. Madaktari walisema: "Tukianza imekaza, tukifika nusu imelegea." Karakana tulikagua hesi, zilikuwa nzima. Nikanunua pingili za ng'ombe buchani, nikamwomba daktari afunge skrubu kumi huku nikitazama mikono yake tu. Mkono wa kushoto ulishika mrija ili kutuliza kifaa, wa kulia ukazungusha mpini kwenda kulia. Kwa skrubu inayozunguka kulia, mrija ulioshikwa usigeuke ni sawa na mrija unaozungushwa kushoto. Daktari alikuwa anafungua hesi kwa mkono uleule aliotumia kumlinda mgonjwa. Tuliongeza mrija wa tatu, wa nje kabisa, unaoelea huru, ili mkono upate pa kushika pasipo madhara. Wengine huweka kitufe cha kufunga mrija usifunguke kutoka kwenye kikombe. Njia zote mbili ni nzuri, lakini kitufe kina springi, na springi ni kazi ya ziada kwenye sinki.

Shafti imejisokota au imekatika

Kila shafti yetu ya majaribio tunaichora mstari mmoja mwembamba, ulionyooka, toka mpini hadi ncha. Ikirudi na mstari umezunguka kama uzi wa kamba, imesokotwa kupita kiwango hata kama kwa jicho inaonekana nzima. Mstari huo umeniokoa na mabishano mengi.

Sababu kuu ni kipenyo. Toki ya Nm 10 (nyutoni-mita, kipimo cha toki) ni kama mfuko wa unga wa kilo 5 ulioning'inizwa mwisho wa spana ya sentimita 20, wala si nguvu ya ajabu. Kwenye shafti ya milimita 4, toki hiyo huzaa mkazo wa karibu MPa 800 (megapaskali, kipimo cha mkazo) juu ya ngozi ya chuma. Stenlesi ngumu ya aina ya 17-4 PH, iliyopashwa joto kwa kiwango kiitwacho H900, huanza kunyooka bila kurudi kwenye MPa 1,170 ikivutwa, na ikisokotwa huanza karibu na 675. Kwa hiyo milimita 4 itajisokota tu. Ipandishe hadi milimita 5, mkazo unashuka hadi 407 hivi. Milimita moja imeongeza nguvu karibu mara mbili, kwa sababu kipenyo kinahesabiwa kwa kipeo cha tatu.

Wapo wanaoogopa kutoboa shafti katikati ili ipite waya wa kuongozea. Kwenye shafti ya milimita 5, tundu la milimita 1.6 linapunguza nguvu ya kusokotwa kwa asilimia 1 tu. Tundu hilo lina gharama yake, ila gharama hiyo iko kwenye kuosha, nami nitaifikia.

Kama shafti imekatika bila kujisokota, tazama pale kipenyo kinapobadilika. Fundi wa kukereza akiacha kona kali, ufa huanzia hapo. Siruhusu mviringo wa kona kuwa chini ya nusu milimita, na kwenye mchoro naandika hivyo kwa maneno, kwa sababu alama ndogo ya kipimo hupuuzwa kazi zikiwa nyingi.

Kifungio kinaenda upande, hesi zinaliwa

Swali la kwanza: rodi ilikuwa imelala chini kabisa ya mfereji? Mara nyingi haikuwa. Ilikuwa juu milimita mbili tatu, na kifungio kikageuzwa kuwa cha kuivuta. Kazi ya kifungio ni kufunga. Kuvuta ni kazi ya kivuta rodi. Kwa hiyo usianzie kwenye kifungio, tazama kama kivuta rodi kinafika mwisho wa safari yake, na kama kina alama inayomwambia daktari wazi kwamba rodi imekaa.

Swali la pili: bisibisi ya kifungio inaongozwa na nini? Ikipita peke yake hewani, itaingia mshazari. Ipitie ndani ya kivuta rodi, tundu likiwa limenyooka na mhimili wa kikombe, na liongoze kwa urefu wa kutosha. Kivuta hichohicho kikumbatie kuta za kikombe kwa nje, kwa sababu hesi za umbo la V huzitanua kuta hizo zinapokazwa.

Madaktari wazoefu huzungusha kifungio kushoto kwanza, mpaka kitumbukie kidogo na kutoa mlio wa "tik", ndipo huanza kukizungusha kwenda kulia. Kama kifaa chako kinashika kifungio kwa nguvu sana, mlio ule hausikiki vidoleni. Kikishika kidogo sana, kifungio kinadondoka ndani ya jeraha, na kukitafuta kipande cha milimita 8 katikati ya misuli inayovuja damu ni jambo ambalo simtakii mtu. Pete ndogo ya springi kwenye ncha hufanya kazi vizuri, mradi ibadilishike.

Kivuta rodi chenyewe kikikwama njiani, hesi zake zimeng'ang'aniana. Hutokea pale pande zote mbili ni chuma cha aina moja na ugumu mmoja, mvuke umeshaondoa mafuta yote. Badilisha upande mmoja uwe wa chuma cha aina nyingine, Nitronic 60 kwa mfano, na ulegeze mwanya wa hesi.

Mpini wa toki umelia, lakini rodi bado inageuka

Vifungio vya mifumo mingi ya kiuno hufungwa kati ya Nm 8 na 12, kwa mpini wa toki, ule unaolia ukifikia namba yake. Fuata namba ya aliyetengeneza kifungio, siyo iliyoandikwa kwenye mpini uliopo karibu. Nimeona mpini wa Nm 8 ukitumika kwenye mfumo unaotaka 12, kila mtu ameusikia ukilia na wote wakaridhika.

Kama namba ni sahihi, fikiria toki inaliwa njiani. Shafti ya bisibisi hupita ndani ya kishikizi, yaani kile kifaa kinachokaba kikombe na rodi ili visigeuke wakati wa kukaza. Daktari akikiegemeza kishikizi pembeni, shafti inasuguana na ukuta wake, na sehemu ya toki inaishia kwenye msuguano huo. Mpini unalia, kifungio hakijapata haki yake. Jaribu karakana: kipimo kimoja juu kwenye mpini, kingine chini kwenye kifungio, kisha egemeza kishikizi kwa makusudi. Tofauti ikiwa kubwa, panua tundu la kishikizi katikati na ubakize mguso sehemu mbili tu, juu na chini.

Kishikizi chenyewe kiwe na mfereji unaopanda rodi pande zote mbili, mpini wake uwe mrefu. Kisipofika chini, toki yote inaenda kwenye skrubu na kwenye kile kikonyo cha mfupa. Mfupa wa mzee, au wa kijana aliyeanguka mnazini wenye nyufa tayari, hauna cha kujitetea.

La mwisho ni mpini wenyewe. Ndani yake kuna springi, gololi na grisi. Kila safari ya otoklevu, nyuzi joto 134, inaondoa grisi kidogo, na mpini hubadilika polepole bila kutoa dalili. Weka tarehe ya kupimwa upya juu ya mpini, ichongwe au iwe kwenye pete inayobadilishwa. Tarehe iliyo kwenye karatasi ofisini haimfikii mtu wa thieta.

Probu haimwambii daktari kitu

Malalamiko haya hayana kipande kilichovunjika, kwa hiyo wengi huyapuuza. Probu ya pedikeli ni chuma kilichopinda kidogo kinachosukumwa ndani ya mfupa laini. Daktari anasikiliza kwa kiganja: mfupa laini unakwaruza kama sukari guru, ukuta mgumu unakataa, na pakilegea ghafla ametoka nje. Silikoni nene kwenye mpini huua taarifa hizo. Ncha kali mno nayo inatoboa ukuta badala ya kuteleza kandokando yake. Ncha iwe butu kiasi, shafti iwe ngumu, mpini uwe wa duara unaojaa kiganjani, ngozi yake nyembamba.

Kuna kosa moja la ubunifu ambalo naliona la hatari. Katika mbinu iliyozoeleka, probu huingia upinde ukitazama nje, mbali na ugwe, kwa milimita 20 hivi za mwanzo. Kisha hutolewa, ikageuzwa, ikarudishwa ikitazama ndani. Ncha ikiwa imezama, daktari haioni. Mpini wa mviringo mtupu haumwambii upinde umeelekea wapi. Weka ubapa au mshale unaosomeka kwa dole gumba bila kutazama. Na alama za kina, kila milimita 10, zizunguke shafti nzima ili zisomeke kutoka upande wowote aliosimama.

Rodi inavunjika miezi baada ya upasuaji

Mgonjwa anarudi na maumivu, picha inaonyesha rodi imekatika, na lawama inaenda kwa rodi. Wakati mwingine mfupa haukuunga, na hapo hakuna rodi itakayodumu milele. Lakini ukipata rodi yenyewe, tazama kwa lenzi mahali ilipokatika. Ukikuta kovu la meno ya koleo au mkunjo wa ghafla, chanzo ni kifaa cha kupindia. Titani huchukia makovu. Ufa huanzia kwenye kovu na kukua kwa kila hatua mgonjwa anayotembea. Roli za kupindia ziwe na mviringo mpana na uso uliong'arishwa, na ziwe na vituo vya kutosha ili daktari apate pindo analotaka bila kupinda, kunyoosha na kupinda tena mahali palepale.

Madoa ya kahawia, kutu, na maji machafu yanayochuruzika

Chukua ufutio wa penseli, usugue doa. Likifutika na chuma chini yake ni laini, hilo ni doa tu, limetoka kwenye maji, kwenye mvuke, au kwenye kifaa kingine kilichooza ndani ya trei hiyo. Likifutika ukakuta kishimo, hiyo ni kutu.

Kutu ikianzia kwenye maandishi yaliyochomwa kwa leza, joto la leza limeharibu ngozi ya kromiamu inayoilinda stenlesi. Punguza nguvu ya leza na uoshe kifaa kwa asidi ya kuirudisha ngozi hiyo baada ya kuandika, siyo kabla. Ikianzia kwenye bawaba na viungo, tafuta klorini na chumvi zake: maji ya dripu yaliyotumika kulowekea, dawa ya kuondoa madoa ya nguo, au damu iliyoachwa ikakauka, maana damu nayo ina chumvi. Hapa mafundi hukimbilia kubadili chuma. Nenda kwanza sinkini ukae saa moja.

Mimi nilikaa. Dada aliyekuwa akiosha alichukua bisibisi yetu yenye tundu la katikati, akaisukuma brashi ikaingia nusu, ikagoma. Brashi tuliyoambatanisha ilikuwa fupi kuliko shafti. Hakulalamika kwa mtu yeyote. Alipitisha maji upande wa pili na kuendelea, kwa kuwa trei nyingine tatu zilikuwa zinamsubiri. Nilichukua sindano ya maji, nikaisukumia kwenye tundu, juu ya gozi nyeupe. Yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai. Kifaa hicho kilikuwa kimeshapita kwenye otoklevu mara nyingi, kikaingia kwenye migongo ya watu.

Sasa masharti yangu hayapungui. Tundu liwe wazi mwanzo hadi mwisho, bila ngazi ndani. Brashi ya kipenyo na urefu sahihi iwe sehemu ya seti, na ina kiti chake kwenye trei. Kifaa kifunguke kwa mikono mitupu, bila kuhitaji kifaa kingine, na vipande vyake visizidi vitatu. Springi ionekane. Pale silikoni ya mpini inapokutana na chuma pazibwe kabisa, kwa sababu maji yakiingia hapo hayatoki. Kiwango cha ISO 17664 kinamtaka mtengenezaji atoe maelekezo ya kuosha na kutakasa. Nami naongeza kwamba maelekezo hayo yajaribiwe kwenye sinki la maji baridi na brashi ya mkono, siyo kwenye mashine ya kuoshea ambayo hospitali haina.

Trei nzito, au kipande hakionekani

Trei ikipita kilo 11 hivi inaumiza migongo ya wanaoibeba, na mvuke haukauki vizuri ndani yake. Igawe. Vifaa vya kuandaa tundu viwe trei moja, vya kuweka skrubu nyingine, vya kukaza ya tatu, kufuata mwendo wa upasuaji.

Chini ya kila kifaa tunachonga kivuli chake kwenye sakafu ya trei, umbo na ukubwa kamili, na namba kando. Wazo hilo lilitoka kwa yule dada wa sinkini, aliyekuwa ameshaanza kuchora vivuli kwa kalamu ya wino mweusi kwenye karatasi aliyoibandika ukutani. Shafti ya T25 tukaipa shingo pana kidogo kuliko ya T27, na kiti cha T27 tukakibana. Ukiilaza T25 pasipo pake, haishuki; inabaki imeinuka upande mmoja, na kifuniko cha trei kinakataa kufunga.